Jinsi ya kuzamia meli iliyozama kwenye mto wenye mkondo mkali

Kwa rafiki zangu wa Tanga, "kuzamia meli" ni kujificha kati ya makontena hadi Ulaya. Kila nikiwaambia kwamba Jumamosi nimezamia meli huku Kanada, wanacheka kabla sijamaliza. Basi nieleze vizuri: ninayozamia mimi imeshazama yenyewe, tangu Oktoba 1912. Inaitwa Keystorm. Ilikuwa inapeleka makaa ya mawe Montreal, ikapanda mwamba wa Scow Island kwenye ukungu, ikazama mto St. Lawrence, upande wa Marekani, katika eneo la Visiwa Elfu.

Mto huu hutoa maji ya Ziwa Ontario, takriban mita za ujazo 7,000 kila sekunde. Aliyejifunza kuzamia Pemba au Mafia ataniambia mkondo anaujua. Anaujua wa bahari. Kule ukisubiri maji yageuke unapata muda wa utulivu. Huku hakuna kujaa wala kupwa. Maji yanakwenda upande mmoja asubuhi, jioni na mwakani. Yote ninayoeleza hapa yanatokana na hilo.

Hatua ya 1: Chagua meli ya saizi yako

Keystorm imelala ubavu kwenye mteremko. Omo, yaani mbele ya meli, iko mita 7 au 8 tu, tezi, yaani nyuma, inakaribia mita 35. Kama cheti chako ni cha mita 18, baki sehemu ya omo na huna utakachokosa. Wengi hukimbilia Daryaw, meli ya mizigo iliyozama 1941 mto huo huo, kwa sababu imepinduka juu chini na inapendeza kwenye picha. Mkondo wake ni wa kikatili. Anza na Keystorm. Muulize pia nahodha taratibu za mpaka kabla ya safari; ukitokea upande wa Kanada unaingia maji ya nchi nyingine.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya hewa ukiwa nchi kavu

Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu inayokusukuma inakuwa mara nne. Ndiyo maana mtu mwenye misuli anachoka sawa na mimi.

Chukua mtungi wa lita 11 uliojazwa bar 200 (bar ni kipimo cha presha): hizo ni lita 2,200 za hewa. Theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya dharura. Theluthi moja ni kama lita 730. Ukiwa mita 20, presha ni mara tatu ya ile ya juu ya maji, kwa hiyo anayevuta lita 20 kwa dakika hutumia 60. Theluthi yake inampa dakika 12. Akianza kupigana na mkondo atahema mara mbili, zitabaki dakika 6. Mimi hurudi geji ya mtungi ikisoma bar 130, hata kama niko mbele ya kitu kizuri namna gani.

Hatua ya 3: Bana kila kitu

Kinachoning'inia kitanaswa. Geji, tochi, regulata (kifaa cha kupumulia) ya akiba: vyote vibanwe kifuani. Vaa glavu nzito, maana chuma chote kimefunikwa kome wadogo wenye milia, na makombe yao yanakata kama wembe. (Kome hao wageni huchuja maji, ndiyo maana siku hizi mto unaonekana vizuri. Sijui niwashukuru au niwalaani.) Soseji, yaani lile boya refu la kujaza hewa, iwe mahali ambapo mkono unaifikia bila kuitafuta.

Hatua ya 4: Kamba kwanza, mengine baadaye

Hapa ndipo watu huharibu. Boti ikishafungwa kwenye boya la meli iliyozama, nahodha hutandaza kamba ya pembeni hadi kwenye boya, na nyingine nyuma ya boti kwa wanaopeperuka. Ruka, shika kamba ya pembeni kabla hujamwonyesha mtu ishara ya "niko sawa", kisha jivute mkono kwa mkono hadi boyani. Usipige mapezi, mikono inakula hewa kidogo zaidi.

Kushuka kwa kamba ya boya hadi kwenye meli ni vilevile. Mwili utalala kama bendera. Tazama mkondo uso kwa uso: ukigeuza kichwa pembeni, maji yanaweza kuivua miwani. Regulata ikianza kumwaga hewa kwa sababu mkondo unaisukuma, inamisha kidevu kidogo.

Hatua ya 5: Ingia kwenye kivuli cha meli

Ukifika kwenye chuma, teremka upande ambao meli inakukinga. Utasikia kelele ya maji ikikatika ghafla, kama mtu amefunga dirisha. Kaa humo. Anza kwa kwenda kinyume cha mkondo, ukijivuta kwenye chuma, ili kurudi kuwe rahisi. Milango ya ngama, yaani chumba cha mizigo, iko wazi na inaita. Bila mafunzo ya kuingia ndani ya meli, chungulia tu na tochi.

Hatua ya 6: Ukiachana na kamba

Siku moja niliachia kamba ili kukaza mkanda wa pezi. Nilihesabu sita. Nilipoinua macho, kamba haikuwepo. Usiikimbilie. Rusha soseji juu, panda taratibu, simama dakika 3 kwenye mita 5 huku mto ukikuchukua, kisha elea upige firimbi. Boti itakufuata. Meli kubwa za mizigo hupita mto huu, kwa hiyo soseji itangulie juu kabla yako.

Hatua ya 7: Kupanda botini

Ukipanda kwa kamba ya boya, pumzika hapo dakika 3 kwenye mita 5, jiachie taratibu hadi nyuma ya boti, ushike ngazi kwa mkono mmoja ndipo uvue mapezi kwa mwingine. Msimu wangu wa kwanza nilivua kabla ya kushika. Pezi langu la kushoto lilielekea Montreal, kulekule makaa yalikokuwa yanakwenda.