Kabla ya kudai haki: mambo ya kuzingatia taarifa zako za bima zikivuja

Barua ya kampuni ya bima inayokujulisha kwamba wadukuzi wameingia kwenye mifumo yake huandikwa kwa upole: samahani kidogo, ahadi kidogo, na namba ya kupiga ukiwa na swali. Anayeipokea mara nyingi huiweka pembeni na kusubiri aone kama kuna baya litakalotokea. Kusubiri huko ndiko kunakowagharimu wengi. Sheria za nchi nyingi leo zinampa mteja zaidi ya njia moja ya kudai, lakini karibu zote zitamuuliza amepata madhara gani, na anayathibitishaje. Majibu ya maswali hayo hukusanywa katika wiki za mwanzo, kumbukumbu zingali mbichi, kabla hata hujamwona wakili.

Uzito wa jambo lenyewe haupaswi kudharauliwa. Kadi ya benki ikiibwa hufungwa na kutolewa nyingine. Historia ya ugonjwa haibadilishwi, wala tarehe ya kuzaliwa, wala jina la mtu uliyemwandika kuwa mnufaika wa bima yako ya maisha. Februari 2015 kampuni ya bima ya afya ya Anthem, nchini Marekani, ilitangaza kwamba wadukuzi wamechota kumbukumbu za watu ambao baadaye walihesabiwa kuwa karibu milioni 79, zikiwemo namba zao za hifadhi ya jamii. Oktoba 2022 ikafuata Medibank ya Australia, ambako wateja milioni 9.7 waliguswa. Kampuni ilikataa kuwalipa wadukuzi pesa walizodai, nao wakaanza kumwaga mtandaoni taarifa za matibabu za watu.

Katika hao milioni 9.7 walikuwemo wateja wa zamani. Kwa hiyo usijiondoe kwenye hesabu kwa sababu tu mkataba wako uliisha. Kampuni za bima hutunza kumbukumbu kwa miaka mingi, na faili moja hubeba watu wengi: mwenzi, watoto, wanufaika, hata mtu wa upande wa pili katika ajali ya gari. Mtoto akiwa ndani ya faili lako, haki yake inasimama peke yake, nawe kama mzazi au mlezi unaweza kudai kwa niaba yake. Jambo hili husahaulika sana, na linaniuma, kwa kuwa mtoto ndiye atakayeishi na taarifa zilizovuja kwa muda mrefu kuliko wote.

Kabla ya kuijibu barua, hakikisha ni ya kweli. Habari za uvujaji zikisambaa, matapeli nao huanza kutuma barua zinazofanana na ile halisi. Usibonyeze kiungo kilichomo. Tafuta namba ya kampuni kwenye hati yako ya bima, upige mwenyewe. Ukishahakikisha, itunze barua hiyo pamoja na bahasha yake. Kama ni barua pepe, ihifadhi nzima, bila kuikatakata. Ndani yake tafuta tarehe tatu: siku wadukuzi walipoingia, siku kampuni ilipogundua, na siku ulipojulishwa wewe. Pengo kati ya tarehe hizo linaweza kuwa sehemu ya madai yako. Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Taarifa ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu Mei 2018, inaitaka kampuni kumjulisha msimamizi, yaani mamlaka ya nchi inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi, ndani ya saa 72 baada ya kugundua, na wahusika bila kuchelewa pale hatari kwao ikiwa kubwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 nayo imeweka saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data, ambaye ndiye msimamizi huko. Marekani, kampuni za bima ya afya zinazobanwa na HIPAA, sheria ya shirikisho ya kulinda taarifa za afya, zina siku zisizozidi 60 za kuwajulisha wahusika. Aliyejulishwa miezi minane baada ya ugunduzi ana la kuuliza.

Uliza kwa maandishi. Omba nakala ya taarifa zote zako walizo nazo, kisha uliza zipi zimechukuliwa, kama zilikuwa zimefichwa kwa msimbo, na zilivujia wapi. Ulaya kampuni hupewa mwezi mmoja wa kujibu ombi la namna hii. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 pia inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje. Mara nyingi utaambiwa kosa ni la mkandarasi aliyepewa kazi ya kutunza mifumo. Liandike jibu hilo, lakini usikubali limalize mazungumzo. Wewe uliikabidhi kampuni ya bima taarifa zako, na sheria nyingi zinaiwajibisha kwa watu inaowapa kazi yake.

Kazi kubwa zaidi ni daftari la madhara, na hapa nasisitiza kuliko popote. Andika kila simu ya kutiliwa shaka, kila ujumbe wa kitapeli, kila muamala usioutambua, pamoja na tarehe na saa. Andika muda ulioutumia kuhangaika na benki, na gharama zote, ziwe za nauli, ada au kubadilisha vitambulisho. Piga picha za skrini kabla ujumbe haujafutika. Pesa zikiibwa, toa taarifa polisi na uondoke na namba ya jalada. Kama ni bima ya afya, pitia orodha ya matibabu yaliyolipwa kwa jina lako: ukikuta dawa au kipimo ambacho hukupata, huenda mtu anatibiwa kwa jina lako. Lisahihishwe kwa maandishi mapema, kwa kuwa mbali na pesa, daktari anaweza kuja kusoma kumbukumbu ya mtu mwingine akidhani ni yako. Kama hofu imekunyima usingizi hadi ukamwona daktari au mshauri, hifadhi ushahidi wa hilo pia.

Kwa nini uhangaike hivyo? Kwa sababu mahakama hazilingani kuhusu kinachohesabiwa kuwa madhara. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya TransUnion dhidi ya Ramirez ya 2021, ilishikilia kwamba anayedai fidia katika mahakama ya shirikisho lazima aonyeshe dhara halisi. Hatari ya baadaye peke yake haimtoshi. Ulaya mlango ni mpana zaidi. Mwaka 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kuvunjwa kwa kanuni tu hakuleti fidia, ila pia hakuna kipimo cha chini cha ukali wa dhara, na hofu ya kwamba taarifa zako zitatumiwa vibaya inaweza yenyewe kuwa dhara. Sheria ya Kenya inataja waziwazi kwamba fidia inaweza kugusa hata dhiki isiyo na hasara ya fedha. Popote ulipo, mwenye daftari anasimama vizuri kuliko mwenye kusimulia.

Mahakama pia huuliza kama ulijitahidi kupunguza hasara. Badilisha nywila, ijulishe benki, na kama nchi yako ina ofisi za kumbukumbu za mikopo, zuia faili lako lisifunguliwe kwa mkopo mpya. Marekani huduma hiyo ni bure kwa sheria ya shirikisho tangu Septemba 2018.

Sasa njia zenyewe. Ya kwanza ni malalamiko rasmi kwa kampuni, na baadhi ya wasimamizi hawatakusikiliza kabla hujaipitia. Ya pili ni msimamizi wa taarifa binafsi, na pembeni yake msimamizi wa bima au msuluhishi wa migogoro ya bima kama yupo. Ya tatu ni mahakama, peke yako au kwa kesi ya kundi. Kabla ya kuchagua, jiulize unataka nini, maana njia hizi hazizai matunda sawa. Faini inayotozwa na msimamizi kwa kawaida huenda serikalini. Anthem ililipa dola milioni 16 kwa wizara ya afya ya Marekani mwaka 2018, na hizo zilikuwa mbali kabisa na dola milioni 115 za maridhiano na waathirika. Tena HIPAA yenyewe haimpi mgonjwa haki ya kushtaki, hivyo mawakili huko hutegemea uzembe, uvunjaji wa mkataba na sheria za majimbo za kumlinda mlaji. Kenya, kwa upande wake, malalamiko kwa Kamishna wa Data yanapaswa kuchunguzwa na kukamilika ndani ya siku 90, na Kamishna anaweza kuamuru fidia. Kwa mtu asiye na pesa za wakili, naona hiyo ni njia ya kuanzia.

Kesi ya kundi ina faida yake, ila usiiwekee matumaini makubwa kuliko hesabu. Gawa zile dola milioni 115 kwa watu milioni 79, inatoka chini ya dola 1.50 kwa kila mmoja, na hapo hujatoa ada za mawakili wala gharama za huduma ya ufuatiliaji, yaani ya kuangalia kama kuna anayekopa kwa jina la mwathirika. Walioonyesha gharama walizoingia waliweza kuomba warejeshewe. Katika kesi za namna hii Marekani, kwa kawaida umo ndani mpaka ujitoe mwenyewe kwa maandishi kabla ya tarehe iliyotajwa. Usipojitoa, maridhiano yanakufunga hata kama hukudai chochote. Mwenye hasara kubwa inayothibitika azungumze na wakili kabla ya tarehe hiyo kupita.

Chunguza pia unachokubali kwa kubonyeza tu. Baada ya uvujaji wa Equifax, ofisi ya kumbukumbu za mikopo ya Marekani, mwaka 2017, watu walipewa ufuatiliaji wa bure ambao masharti yake yalikuwa na kifungu cha usuluhishi kilichowazuia kwenda mahakamani kwa pamoja. Umma ulipiga kelele, kampuni ikakiondoa. Huduma ya bure ipokee ikiwa ni safi, lakini soma kwanza, na usitie saini karatasi inayosema umelipwa na huna dai tena kabla hujajua ukubwa wa hasara.

Ukifika kwa wakili, muulize mambo manne: analipwaje, nani anabeba gharama kesi ikishindwa, muda wa kufungua kesi unaisha lini, na amewahi kushughulikia kesi kama hii. Swali la pili ni la hatari katika nchi ambazo anayeshindwa hulipa gharama za mshindi, kama Uingereza. Wakili anayekupigia mwenyewe akijua kwamba taarifa zako zimevuja, muulize alijuaje.

Mwisho kuna mambo mawili ambayo hasira huyaharibu. Usiache kulipa michango ya bima kabla hujapata kinga nyingine. Mkataba ukikatika na ajali ikatokea, utakuwa na hasara mbili. Na usikimbilie kuomba taarifa zako zifutwe. Baadhi zitabaki tu, kwa sababu sheria inaitaka kampuni izitunze, na nyingine zikifutwa huenda zikaondoka na ushahidi wako. Andika kwanza barua ya kuitaka kampuni ihifadhi kila kumbukumbu inayohusu tukio hilo na faili lako, ubaki na nakala yenye muhuri au uthibitisho wa kupokelewa, na ombi la kufuta liwasilishwe dai likishamalizika.