Kelele za barabarani kwenye gari ya spoti iliyotumika: zipime kabla hujatoa hela

Wadau mnaowinda Nissan Fairlady Z au Subaru Impreza WRX, watu wanakagua injini, turbo na rangi mpaka basi, ila kelele za barabarani hawaziulizi, halafu siku wanaitoa gari Dar kwenda Dodoma wanafika kichwa kinagonga. Na hizo kelele ndo zinakuambia ukweli wa gari kuliko hata muuzaji.

Kwanza ujue kuna kelele ambazo gari imezaliwa nazo. Fairlady Z33, ile ya 2002 mpaka 2008, kwenye kupe yake buti haijatenganishwa na siti, kwahiyo mvumo wa tairi za nyuma unakujia moja kwa moja kisogoni. Impreza za mpaka 2007 milango haina fremu ya kioo, kioo kinajibana kwenye raba tu, raba ikikauka upepo unapiga mluzi. Huo muundo haubadiliki, ni kukubali au kuacha. Kinachotakiwa ni kutofautisha hizo na kelele za tairi, na kelele za ugonjwa.

Anza na tairi gari ikiwa imesimama. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT (namba ya utengenezaji) pembeni mwa tairi, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya zamani mpira unakuwa mgumu na inavuma hata kama kashata (vinundu vya tairi) zote zipo. Halafu pitisha kiganja juu ya tairi kwenda na kurudi, ukihisi upande mmoja laini na mwingine unakwaruza kama meno ya msumeno, alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) imekaa vibaya muda mrefu au bushi na shokapu zimechoka, na ukifunga tairi mpya bila kurekebisha hilo zitalika hivyohivyo. Kwa Z33 ni mbaya zaidi maana mbele tairi nyembamba nyuma pana, huwezi kuzihamisha mbele kwenda nyuma. Pima upepo wa tairi pia, ufuate kibandiko cha mlango wa dereva, tairi ikijazwa kupita kiasi inagonga na kuvuma zaidi.

Sasa iendeshe. Redio zima, feni ya AC zima, vioo juu, na muuzaji umuombe kistaarabu anyamaze kidogo. Tafuta njia yenye lami laini na lami ya kokoto, hii ni muhimu sana, kelele ikibadilika lami inapobadilika basi hiyo ni tairi. Ikibaki ileile lami yoyote na inapanda na spidi, shuku beringi. Hakikisha hivi: barabara ikiwa tupu kata usukani taratibu kulia, uzito unahamia magurudumu ya kushoto, mvumo ukizidi hapo ni beringi ya kushoto, kata kushoto usikie ya kulia. Difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) inajulikana, mlio wake unabadilika ukikanyaga mafuta na ukiachia. Kama ni manyo (gia za mkono) kanyaga klachi, kelele ikishuka na injini basi ni ekzosi au injini, siyo barabara.

Kama unashuku upepo bandika selotepu ya karatasi kwenye ukingo wa mlango kwa nje urudie njia ileile, mluzi ukiisha umepata jibu, raba au kioo kinahitaji kurekebishwa, hiyo siyo sababu ya kukimbia gari nzuri.

Bei sasa. Tairi mbovu ni punguzo lako, ila kwenye Subaru ya AWD (inayosukuma kwa magurudumu yote manne) piga hesabu ya tairi zote nne, usichanganye mpya na zilizolika maana unaumiza difu. Beringi ya mbele ya Z33 inauzwa pamoja na habu (kitovu cha gurudumu) yake kwahiyo ulizia bei ya spea kwanza ndo urudi mezani. Mati za butili (mpira mzito wa kuzuia kelele) chini ya kapeti na kwenye matao ya tairi za nyuma zinapunguza mvumo kweli, ila zinaongeza uzito, na mimi nisingezifunga kabla ya kujaribu tairi tulivu kwanza.

Mwisho ipandishe jeki, izungushe tairi kwa mkono huku mkono mwingine umeshika springi, beringi iliyokufa utaihisi inasaga. Muuzaji akikataa gari isipande jeki, tafuta nyingine.