Kabla ya Kuingiza Gari Lako Uwanjani

Anza kwa kufikiria safari ya kurudi. Kama gari unalopeleka Whistling Morans, uwanja wa mbio za magari kule Athi River, ndilo litakalokupeleka kazini Jumatatu, usiliendeshe kama la mwenzako aliyelileta juu ya lori. Yeye breki zikimwishia anapakia. Wewe una Barabara ya Mombasa na matrela yake. Huna wa kukubeba? Basi enda mizunguko michache, pumzika, urudie. Au anza na karti za kukodi, vile vigari vidogo vya mbio. Ningekuwa mgeni wa kona, hapo ndipo ningeanzia, hata nikiwa na Subaru ya kutamanisha.

Ukishaamua kwenda na lako, pesa ya kwanza iende kwenye breki. Wengi hukimbilia ekzosi kwa sababu inasikika. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kadiri yanavyokaa: ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, ila yakishaingia maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 hivi. Yakichemka yanatoa mvuke, nao mvuke hubonyea, kwa hiyo unakanyaga pedali inazama mpaka chini na kona ndiyo hiyo. Mwambie fundi ayatoe yote, asiongezee juu tu, na usimame hapo uone: ya zamani hutoka meusi kama strungi.

Tairi zisomwe ubavuni. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT (hapa si mafuta ya breki), tuseme 3516, maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2016. Meno yanaweza kuwa yamejaa na mpira umeshakauka.

Nguvu usiihangaikie. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa), kama ya Toyota 86, hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu yake. Hiyo si hitilafu ya kupeleka kwa fundi.

Bima ndiyo inayowauma watu. Sera nyingi, hata za komprihensivu, hazilipi ajali ya mashindano au ya kupima kasi. Uliza kwa maandishi.

Asubuhi yenyewe toa jeki, spea na hasa chupa ya maji iliyo chini ya kiti, isije ikaviringika nyuma ya pedali. Kaza nati za magurudumu, na uzikague tena baada ya mizunguko ya kwanza. Mzunguko wa mwisho uende polepole breki zipoe. Ukiegesha usivute hendibreki disiki zikiwa moto. Acha gari kwenye gia, utie jiwe nyuma ya gurudumu.