Droni imeanguka ikijitua yenyewe? Cheki haya kwanza

Droni ikianguka wakati inarudi yenyewe, wengi wanakimbilia kusema eti GPS imezingua, ila ukifungua rekodi ya safari kwenye app mara nyingi unakuta ni mkono wa rubani. Anza na urefu wa kurudi, yaani kimo droni inachoruka ikirudi yenyewe: kama uliseti mita 30 na njiani kuna mnara wa mita 40, inanyooka hadi igonge, na usiku zile sensa za kamera hazioni kitu. Halafu angalia pointi ya nyumbani, yaani pale droni inaporudi kutua, imerekodiwa wapi, maana ukiruka kabla satelaiti hazijatosha inaweza kujirekodi baadae ikiwa hewani, labda juu ya bati la jirani, na ukirushia kwenye boti ndo balaa, boti inasogea pointi inabaki palepale majini. Mwisho, kwenye hiyo rekodi, soma mistari inayoonyesha stiki za rimoti zilivyosogezwa sekunde zile za kutua. Mtu akipaniki anavuta stiki zote mbili chini kwa ndani, na kwenye droni kadhaa za kampuni ya DJI hiyo ndo amri ya kuzima mota, hata hewani kama setingi inaruhusu. Ukiona inaenda kubaya, kansel tu kule kurudi yenyewe kisha itue kwa mkono taratibu.