Jinsi ya kumjua fundi aliyetengeneza bunduki ndefu ya zamani ya Kimarekani

Wakuu habari zenu. Naandika hili kwa sababu kila mtu akipata ile bunduki ndefu ya zamani ya Kimarekani, wanayoiita Kentucky japo nyingi zilitoka Pennsylvania, anakimbilia kusoma jina lililogongwa kwenye bamba la mtambo wa kufyatulia, pale ubavuni penye nyundo, halafu anatangaza fundi kapatikana. Kakuta Ketland, basi ni Ketland. Sio hivyo jamani. Ketland walikuwa wafanyabiashara wa Birmingham, Uingereza, mitambo yao ilivushwa bahari ikauzwa madukani Marekani, fundi wa kijijini akanunua akaufunga kwenye bunduki yake. Golcher vilevile, jina hilo utalikuta kwenye bunduki za mafundi chungu nzima ambao hata hawakujuana. Hata mtutu unaweza kuwa wa kununua, Remington wa Ilion, New York, miaka yake ya mwanzo alikuwa anawauzia mafundi wengine mitutu na muhuri wake ukabaki humo humo. Kwa hiyo jina la kwenye mtambo linakwambia mtambo umetoka wapi, basi.

Kabla hujagusa kitu kingine chochote hakikisha haina risasi ndani. Haya ni magobore, yanajazwa kwa mdomoni, na watu wengi waliyaacha yamejazwa hivyo hivyo wakayatundika, na baruti nyeusi ikikaa pakavu inaweza kuwaka hata baada ya miaka mia. Chukua mdeki au kijiti kirefu, teremsha ndani ya mtutu mpaka kigote, weka alama pale mdomoni, kitoe ukilaze kwa nje kwenye mtutu, alama mdomoni palepale. Ncha inatakiwa ifike karibu kabisa na tundu la moto, kile kitundu cha nyuma kinachopitisha moto uingie kwenye baruti. Ikiishia inchi moja au mbili kabla, kuna kitu humo, mpelekee fundi wa bunduki aitoe, usijaribu mwenyewe hata kidogo.

Haya, saini. Fundi aliyesaini alisaini juu ya mtutu. Mitutu hii mingi ina pembe nane, sasa tazama ule ubapa wa juu kabisa, kati ya mwisho wa mtutu kwa nyuma na kilengeo cha nyuma. Mara nyingi ni mwandiko uliochongwa kwa mkono, mfano J. Dickert, au herufi mbili tu za mwanzo wa majina, na wengine waliingiza kibamba cha fedha wakachonga juu yake. Kutu na kusuguliwa miaka yote hiyo kumeyala maandishi, kwa hiyo zima taa za chumba, washa tochi ya simu, ilaze karibu iguse chuma ili mwanga upite juu juu kutokea ubavuni, utaona herufi ambazo mchana hazikuwepo zinajitokeza na vivuli vyake. Izungushe tochi pande zote maana mkato mwingine unaonekana ukiwa na mwanga wa upande mmoja tu. Ukikosa weka karatasi nyembamba usugue taratibu na penseli laini. Na nawaomba sana, hakuna msasa, hakuna stilwaya, hakuna Brasso. Ile rangi ya kahawia kwenye chuma na ule weusi kwenye shaba ndo ushahidi wenyewe, ukiung'arisha umeufuta na hauji kurudi.

Usipoona kitu usikate tamaa, bunduki nyingi hazikusainiwa kabisa, fundi aliwauzia majirani wanaomjua, asaini ya nini? Hapo unasoma umbo. Mimi hata yenye saini naanza na umbo, saini naitazama mwisho, kwa sababu saini mtu anaweza kuichonga jioni moja lakini umbo zima la bunduki kulighushi ni kazi nyingine kabisa.

Mafundi wengi wa Pennsylvania walikuwa Wajerumani na Waswisi na watoto wao, kijana anaingia kwa fundi anajifunza kwa miaka, akitoka anachonga kama alivyofundishwa, ndo maana kila sehemu ikawa na mtindo wake. Za Lancaster mstari wa juu wa kitako na wa chini vyote vimenyooka, ukiitazama ubavuni unaona pembetatu ndefu, na kile kisanduku cha shaba kwenye kitako, walichowekea vitambaa vya kufungia risasi, mara nyingi kichwa chake kimekatwa umbo la ua la daisy. Ukienda bonde la Lehigh, upande wa Allentown, kitako kinapinda vizuri, bunduki nzima inakuwa nyembamba, michongo ya mbao ni michache, na baadhi zina kichwa cha mtu kilichochongwa upande wa chini wa mbao, huko ndo kwa kina Herman Rupp na Jacob Kuntz. Kaunti ya Bedford ni rahisi kuliko zote, mtambo mrefu mwembamba na nyundo ndefu nyembamba, ukishaona moja hutasahau, mafundi kama Peter White na William Defibaugh. Na ukikuta vyuma vyote ni chuma cheusi badala ya shaba, na kwenye kitako hakuna kisanduku ila kitundu tu cha kuwekea mafuta, peleka mawazo kusini, milima ya Tennessee na North Carolina, kwa ukoo wa mafundi wa Bean na wenzao.

Ukishapata sehemu, sasa unatafuta mtu, na hapa usiwe na haraka. Mkono wa fundi ni kama mwandiko. Piga picha kisanduku ukiwa juu yake moja kwa moja, sio kwa pembeni, kisha linganisha na cha bunduki yenye saini isiyo na ubishi: kichwa kimekatwaje, skrubu ziko ngapi na zimekaa wapi, mstari wa pembeni umechongwa mmoja au miwili, bawaba ina vipande vingapi. Halafu geuza upande wa kushoto, uangalie mchongo wa nyuma ya pale shavu linapolala, ule mzunguko unaanzia wapi na unaishia vipi. Kitu kimoja kikifanana hakitoshi, mafundi waliigana sana tu. Vikifanana vinne vitano pamoja hapo una hoja.

Umri nao unakata majina mengi. Kitako kinene na kipana, karibu inchi 2 pale nyuma, ni dalili ya zamani zaidi, kitako chembamba kilichopinda kama mwezi mchanga ni cha baadaye. Kisanduku chenye mfuniko wa mbao kwa kawaida kinatangulia cha shaba. Mtambo wa fataki, ambao nyundo inagonga fataki ndogo iwashe baruti, ulianza kuenea miaka ya 1820 na 1830, ila angalia isije ikawa ni bunduki ya gumegume, ile ya zamani zaidi inayowashwa kwa cheche za jiwe, iliyogeuzwa: kagua bamba la mtambo uone matundu ya skrubu yaliyozibwa, na kama pale kwenye tundu la moto kumefungwa kipande cha chuma cha mviringo chenye chuchu ya kuwekea fataki, hiyo iligeuzwa. Ukishakuwa na miaka, linganisha na maisha ya watu. Jacob Dickert alizaliwa Mainz, Ujerumani, 1740 akafariki 1822. Melchior Fordney wa Lancaster aliuawa 1846. Henry Leman alifanya kazi Lancaster kuanzia 1834 mpaka 1887. Kama una herufi za mwanzo tu, tuseme J.B., nenda kwenye daftari za kodi za kaunti, kule kazi ya mtu mara nyingi iliandikwa, na wosia na matangazo ya magazeti, na sensa ya 1850 inaonyesha kazi za wanaume huru. Kwa mafundi wa kusini, jumba la makumbusho la MESDA kule Winston-Salem, North Carolina, lina kumbukumbu za mafundi wengi sana. Jihadhari na ukoo mmoja wenye baba, mtoto na mjukuu wa jina lilelile.

Mwisho rudi kwenye saini ukiwa na lensi ya kukuzia. Herufi ya zamani imezeeka pamoja na chuma, vishimo vya kutu vimeingia mpaka ndani ya mkato na kingo zake zimelainika. Ukiona mkato umepita juu ya kishimo cha kutu na kingo bado ni kali, hiyo saini imekuja baada ya kutu. Na kama saini imesogea karibu sana na mwisho wa mtutu, au nusu ya jina haipo, mtutu ulikatwa kwa nyuma wakati wa matengenezo, sio lazima iwe feki.

Ukiandika matokeo tenganisha mambo matatu: imesainiwa na fulani, inadhaniwa ni ya fulani, au ni ya mtindo wa Lancaster tu. Bei zake haziko karibu kabisa, na mnunuzi makini atakuuliza umefikaje hapo, kwa hiyo picha za saini, kisanduku, shavu, mtambo na ubavu mzima pande zote mbili zikae faili moja na maelezo yako.