Shuka la mtoto mwenye ngozi ya kuwasha: usinunue ulaini wa dukani

Binti yangu alikuwa na miaka mitatu nilipoanza kuchunguza shuka lake kila asubuhi. Kulikuwa na madoa ya damu, madogo kama vichwa vya pini, pale viwiko na magoti yanapolalia. Ana pumu ya ngozi, ambayo wengine huiita ukurutu. Mchana akiwa mchezoni husahau kujikuna. Usiku mwili ukishapata joto, kucha hufanya kazi yeye akiwa amelala fofofo.

Shuka lile nililinunua mimi, na mimi ni fundi cherehani. Dukani lilikuwa likiteleza mkononi kama hariri. Nilipolifua mara ya tatu utelezi wote ukaondoka na maji, kikabaki kitambaa kikavu kilichoota vidonge vidogo vidogo vya nyuzi, na juu ya vidonge hivyo ndipo mwanangu alipokuwa akisugua mashavu na viwiko usiku kucha. Tangu hapo sinunui shuka kwa jinsi lilivyo leo. Natafuta lile litakalokuwa laini baada ya kufuliwa mara kumi, na dalili zake unaweza kuziona kabla hujalipa.

Anza na lebo, si na mkono. Tafuta iliyoandikwa pamba 100%. Ikiwa imechanganywa na polista, hata kidogo, mimi huirudisha. Polista hainywi jasho, kwa hiyo jasho hubaki kati ya ngozi na kitambaa, na chumvi yake huichoma ngozi ambayo tayari ina michubuko. Joto nalo hunaswa humo humo, na kwa mtoto wa namna hii joto ndilo linaloamsha mwasho. Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii: rangi zinazotumika kwa polista, hasa baadhi ya zile za buluu iliyokoza, ni kati ya rangi za nguo zinazojulikana kuleta mzio wa ngozi.

Lebo isipoaminika, ukifika nyumbani chomoa uzi mmoja kutoka kwenye pindo, ushike kwa koleo juu ya sinki, uuwashe. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na jivu lake hupukutika ukiligusa. Polista hunywea, huyeyuka na kuacha kijidonge kigumu cheusi. Uzi uliochanganywa huacha kidogo cha hiki na kidogo cha kile. Fanya hivyo mtoto akiwa mbali.

Sasa mkono. Kiganja ni hakimu mbaya, kina sugu. Tumia upande wa ndani wa kifundo cha mkono, pale mishipa inapoonekana, au shavu. Kisha sugua kitambaa chenyewe kwa chenyewe mara ishirini hivi, kwa nguvu, uangalie mahali uliposugua. Kikianza kuota manyoya, ujue nyuzi zake ni fupi. Hapa ndipo penye siri ya ulaini unaodumu. Uzi wa pamba husokotwa kutoka kwenye vinyuzi vingi, na kila kinyuzi kina ncha mbili. Vinyuzi vikiwa vifupi ncha zinakuwa nyingi, zinajitokeza nje ya uzi, na kila ukifua zinazidi kuchomoka na kujiviringisha kuwa vile vidonge. Vikiwa virefu, uzi unabaki umetulia. Ndiyo maana pamba ya nyuzi ndefu, kama ile ya Misri au aina iitwayo Pima, ina sifa yake. Lakini jina la Misri kwenye pakiti si ushahidi. Kusugua ndiko kunakokuambia.

Halafu kikunje kwenye ngumi, hesabu hadi kumi, ukiachie. Pamba halisi hujikunja, ndiyo tabia yake. Ikikataa kujikunja, imefanyiwa kitu kiwandani. Mashuka yanayosifiwa kwamba hayahitaji pasi mara nyingi yametiwa dawa ya kuzuia mikunjo ambayo huachia fomaldehaidi kidogo kidogo, na fomaldehaidi huwasha na kuleta mzio hata kwa watu wazima. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeti, mikunjo michache na pasi ya dakika tano ni afadhali mara mia.

Jaribu pia tone la maji kwenye kona, muuzaji akikuruhusu. Likinywewa mara moja, vizuri. Likisimama juu ya kitambaa kama ushanga, kuna dawa ya kulainisha iliyopakwa au kuna nyuzi zisizonywa maji. Si kipimo cha maabara, lakini limenisaidia kuacha mashuka mengi yaliyokuwa yakiteleza vizuri mno.

Kuhusu zile namba kubwa za nyuzi: namba hiyo ni hesabu ya nyuzi za mtande (zinazokwenda urefu wa kitambaa) na mshindio (zinazokatiza upana wake) katika inchi moja ya mraba. Kati ya 200 na 400 inatosha kabisa. Ukiona 1000, kwa kawaida wamehesabu kila msokoto ndani ya uzi mmoja kama uzi kamili. Na kitambaa kilichosongamana sana hakipitishi hewa vizuri.

Mfumo wa kitambaa una maana kuliko namba. Ule wa kawaida, mshindio ukipita juu ya mtande mmoja na chini ya unaofuata, hutoa shuka jepesi, la baridi, lenye kupitisha hewa. Ukiliinua kwenye mwanga utaona vitundu vidogo vilivyopangika sawasawa. Ule wa satini ya pamba huruka nyuzi kadhaa kabla ya kuzama, ndiyo maana uso wake unang'aa na kuteleza. Lakini ni mzito zaidi, una joto zaidi, na nyuzi zile ndefu zilizo juu hukwaruka upesi. Nilimwekea binti yangu vyote viwili kitandani, nusu kwa nusu, nikamwambia alaze shavu. Alianza na satini, akacheka. Akahamia kwa ule mfumo wa kawaida, akakaa. "Mama, hili ni la baridi." Na hapo ndipo alipoendelea kulala. Mtoto wako akishaweza kusema, mpe nafasi hiyo. Shavu lake linajua zaidi ya kidole chako.

Flaneli simshauri mtu mwenye mtoto anayechemka usiku: manyoya yake hushika joto. Kitani ni kitambaa kizuri chenye kunywa maji, ila huanza kigumu na huchukua muda kulainika, kwa hiyo kisiwe shuka la kwanza. Mashuka yanayoitwa ya mianzi kwa kawaida ni viskosi, yaani mianzi iliyoyeyushwa kwa kemikali na kufanywa uzi upya. Ni laini kweli na hunywa jasho, na yapo yanayofaa. Tatizo ni kwamba huwa dhaifu yakilowa, kwa hiyo hayapendi kufuliwa kwa nguvu. Sufu isiguse ngozi yake hata kwa pindo la blanketi. Vinyuzi vyake vinene huchoma kama sindano ndogo, hata kwa mtoto asiye na mzio wowote.

Kuhusu alama za ubora, zipo mbili ninazozitazama. Ya OEKO-TEX Standard 100, iliyoanza mwaka 1992, inaonyesha kwamba kitambaa kimepimwa kemikali zenye madhara. Daraja la kwanza ndilo lenye masharti makali zaidi, limewekwa kwa vitu vya watoto hadi miaka mitatu. Lebo yake huwa na namba unayoweza kuihakiki kwenye tovuti yao, na mimi huihakiki. Ya GOTS inahusu pamba iliyolimwa kwa njia za asili na jinsi ilivyochakatwa kiwandani. Shuka lisilo na alama si lazima liwe baya, lakini ukibaki na mawili yanayolingana, chukua lenye alama.

Chagua jeupe au la rangi hafifu. Likiwa la rangi, lisugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji; rangi ikihamia, liache hapo hapo. Michoro ile minene kama mpira, watoto wanaipenda, lakini hapo ngozi haipumui. Nakshi iangalie kwa nyuma, kwenye mafundo. Pitisha kidole kwenye pindo zote na kwenye mshono wa foronya, kwa sababu shavu hulala hapo kwa muda wa saa nane. Na lebo ile ya pembeni, tafadhali usiikate kwa mkasi. Ukiikata kinabaki kisiki chenye ncha kuliko lebo yenyewe. Ifumue mshono mmoja mmoja kwa sindano, kisha ushone tena pale palipoachia.

Pima godoro urefu, upana na unene kabla ya kwenda. Shuka la lastiki lishike imara, maana mikunjo chini ya mgongo ni msuguano, ila liwe na nafasi kidogo kwa sababu pamba husinyaa likifuliwa mara ya kwanza. Kwa mtoto chini ya mwaka mmoja, shuka lililobana godoro ndilo pekee linaloingia kitandani. Mto, blanketi na shuka la kujifunika visubiri, kwa usalama wa pumzi yake. Na ukitumia kinga ya godoro ya plastiki, ujue unamlaza juu ya jasho lake. Zipo zenye uso wa pamba.

Shuka jipya lifue mara mbili kabla hajaligusa, ili dawa za kiwandani zitoke. Tumia sabuni isiyo na manukato, na pungufu ya ile uliyozoea. Sehemu inayoharibu kazi ya watu wengi ni kusuza. Mimi nasuza mpaka maji ya beseni yatulie bila hata duara la povu pembeni, kisha natia mkono na kusugua vidole ndani yake. Vidole vikiteleza, sabuni bado ipo. Mashine nayo niliiongezea mzunguko mmoja wa kusuza. Dawa ya kulainisha nguo niliiacha kabisa: huacha utando juu ya nyuzi, pamba ikashindwa kunywa jasho, na manukato yake ni kichocheo kingine cha mwasho.

Fua kila wiki, kwa maji ya nyuzi joto 60 kama lebo inaruhusu. Joto hilo huua utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana ambao wengi wa watoto hawa wana mzio nao. Kisha anika liwe kavu kabisa, na lipige pasi. Pasi hulaza zile ncha za nyuzi.

Jambo moja naliomba kwa uzito. Mafuta tunayowapaka watoto hawa usiku huingia kwenye shuka, na kitambaa kilicholowa mafuta ya ngozi hushika moto kwa kasi zaidi, hata mafuta yakiwa yamekauka. Kufua hupunguza lakini hakumalizi. Mshumaa, kibatari na kiberiti vikae mbali na kitanda chake. Mpake nusu saa kabla ya kulala ili yaingie mwilini kuliko kwenye pamba.

Ukishaweka shuka jipya, usibadilishe kitu kingine kwa wiki mbili, si sabuni wala mafuta, vinginevyo hutajua kilichosaidia. Kila asubuhi tazama viwiko, nyuma ya magoti, shingo, na shuka lenyewe. Shuka haliponyi pumu ya ngozi. Linaondoa sababu moja ya kujikuna. Ngozi ikianza kutoa maji, ikifanya magamba ya njano au mtoto akipata homa, hilo ni la daktari, siku hiyo hiyo.

Nunua mawili yanayofanana, na shuka likichakaa usilitupe. Huchakaa katikati, lakini pembeni linakuwa limefuliwa mara mia bila kulaliwa. Kata pale penye uzima, shona foronya, na mishono uiweke upande wa nje. Foronya anayoipenda binti yangu mpaka leo ni ya shuka lililokufa miaka miwili iliyopita.