Usiigonge hopa kwa nyundo

Masika yakianza, udongo wa mfinyanzi unaoingia kiwanda cha saruji huganda kwenye kona za hopa (lile pipa kubwa la bati, pana juu na jembamba chini, linalopokea udongo na kuushusha), na watu hukimbilia nyundo. Jamani, acheni. Kila pigo huacha kibonyeo, na hapo ndipo tope la kesho litakaposhika kwanza. Siku hopa ikiwa tupu, umeme umezimwa na kufungwa kufuli, pitisha kiganja ndani ya bati. Utavihisi vibonyeo vyote.

Funika udongo kwa turubai, uuchanganye na mawe ya chokaa makavu yaliyosagwa, na usiuache ulale kwenye hopa usiku kucha. Bati likichakaa, lifunike kwa mabamba ya plastiki ngumu inayoteleza. Asisimame mtu chini akizibua: mzigo ukiachia, haupigi hodi.